Emerensiana, Mwosha Utumbo

Asubuhi ya mwisho walipokuwa wazima wote wawili, Emerensiana alimtania mumewe kwamba usiku kucha amekoroma kama ng'ombe aliyekwisha kukatwa koo. Modesti akacheka. Wakanywa uji mtupu, maana mwaka ule sukari ilikuwa ya kusikia tu, na sabuni vilevile. Kisha Emerensiana akajitwisha karai, akashuka kutoka kwao Bagara kwenda machinjioni.

Kazi yake ilikuwa hiyo. Alinunua utumbo na miguu ya ng'ombe, akaosha kijitoni, akachemsha, akauza supu. Watu walidhani mtu wa kazi ile hana kinyaa. Yeye alikuwa na kinyaa kuliko wote. Utumbo aliusugua mpaka ukawa mweupe kama kitambaa cha altare, na mikono yake akaisugua kwa jivu mpaka ikapasuka. Siku ile mchinjaji mmoja akamwuliza, "Mama Leonia, hata mavi ya ng'ombe unayaogesha?"

"Safi kuliko shingo yako," akamjibu.

Wakacheka wote. Akiwa bado anacheka, kipande cha mfupa kikamchoma kiganjani.

Kidonda kilikuwa kidogo. Kikaanza kutoa usaha. Zahanati haikuwa na dawa, akaenda kwa Konstantini, jirani yao. Zamani Konstantini alikuwa mfagiaji wa zahanati. Sasa aliuza vidonge alivyoficha chini ya kitanda, pamoja na ugoro. Modesti alikuwapo. Alimwona akitoa kidonge cha rangi mbili, akakifungua kwa meno, meno ya mtu wa ugoro, akamwaga ule unga wa njano juu ya kidonda na kuushindilia kwa kidole. Kidole kilekile alichotoka kujipangusia pua. Emerensiana aligeuza uso pembeni. Lakini dawa ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, na watu wengi pale walitibu vidonda hivyohivyo.

Kikakauka. Kikafanya gamba gumu. Konstantini akapita kwa majirani akijisifu.

Chini ya gamba kulikuwa kunaoza. Mstari mwekundu ukapanda mkononi hadi juu ya kiwiko, mtoki ukavimba kwapani. Kisha akaanza kutetemeka, jua linawaka, naye amejifunika mablanketi. Modesti akalilainisha gamba kwa maji ya moto, akalibandua. Uvundo uliotoka hapo hakuwahi kuusikia, na nyumba yake ilikuwa ya utumbo miaka yote.

Wakapata lori la mahindi hadi hospitali ya misheni. Nesi, mama mtu mzima, akamtazama mgonjwa anavyohema, akamgusa miguu. Ilikuwa ya baridi, ina mabaka kama ya mtu aliyepigwa. Modesti akaomba mkono ukatwe. Yeye atapika, atafua, atamfunga kanga. Ukatwe tu, abaki naye.

"Baba, ugonjwa ungekuwa mkononi tungekata," nesi alisema. "Wadudu wameshaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayowasambaza. Wako kwenye mapafu, wako kwenye figo. Tukate wapi?"

Akamweleza kwamba dawa ile ilikuwa ya kumeza, tena vidonge vingi, siyo kimoja cha kunyunyiza. Unga ulifunika kidonda juu, usaha ukakosa pa kutokea, ukatafuta njia ya ndani. Wakamchoma penisilini iliyokuwapo. Haikufika popote. Macho yakawa ya njano, mkojo ukakatika. Mgonjwa akaweweseka, akawa anamwita Modesti kwa jina la shemeji yake aliyekufa zamani.

Akafa asubuhi, kabla ya misa kwisha.

Konstantini alifika msibani. Alikula, akaramba vidole, akasema ni mapenzi ya Mungu. Modesti akatoka nyuma ya nyumba, akatema mate. Mpaka leo akiona mtu anafungua kidonge amwagie kidonda, mate hujaa mdomoni.

La kumwambia Konstantini lilikuwa limekwisha kusemwa wodini, alipokuja kumwona mgonjwa na kumwinamia ampe mkono. Emerensiana, ambaye hakumtambua tena mumewe wala binti yake Leonia, huyo alimtambua. Akauvuta mkono wake chini ya shuka, akasema:

"Usinishike, Konstantini. Kanawe kwanza."