Nilivyomtetea Mrushaji Wetu kwa Kipaza Sauti

Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kusema mbele za watu, hata darasani jina langu likiitwa nainua kidole tu, kwa hiyo mtashangaa nikiwaambia kwamba kuna uwanja mzima wa besiboli hapa Germantown unaoijua sauti yangu vizuri sana, na mpaka leo nikipita njia ile navuta kofia ya sweta inifunike hadi puani.

Mambo yalianza na mgeni. Timu yetu ya hapa ni ya wanafunzi wa vyuo vikuu wanaocheza kiangazi tu, wanatoka majimbo ya mbali na hawalipwi chochote, basi desturi ya timu ni kuwagawa kwa familia za mtaani wapate kitanda na chakula. Mama (ambaye kazi yake ni kulea wazee kwa zamu, na besiboli haijui hata kidogo) aliposikia kanisani Takoma Park kwamba mmoja wao anaitwa Elijah na wazazi wake ni Wakenya wa Minnesota, akasema, "Mtoto wa kwetu alale kwa watu na mimi nipo?" Ndivyo tulivyompata. Kijana mrefu, mpole, Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza, na ugali anakula wa watu watatu.

Mimi nilimshuku tangu wiki ya kwanza. Kushuku ndiyo tabia yangu (hata mbwa wa jirani nahisi ana jambo analolificha), na Elijah naye alinipa sababu, maana alikuwa na soksi ambazo Mama akitaka kuzifua anamwomba kabisa asiziguse. Nani analinda soksi chafu? Kisha ikasikika kwamba mchezaji mwenzake, Connor, amepoteza saa aliyoachiwa na babu yake, imepotelea chumba cha kubadilishia nguo, na jioni hiyohiyo Elijah akarudi mapema, akateremka chumbani kwake bila kula. Elijah, bila kula! Kesho yake alipotoka kukimbia nikashuka nikainua godoro lake. Nilikuta zile soksi tu, na harufu yake sitaisahau, lakini moyo haukutulia.

Sasa shule yetu inadai saa za kujitolea, na mimi nilipangiwa uwanjani, kwenye kibanda cha mzee Walter, mtangazaji, kazi yangu kumletea kahawa na kubadilisha namba ubaoni. Siku ya mkasa timu ilikuwa inaadhimisha historia yake, na kila wachezaji wakibadilishana zamu mzee Walter anasoma kipande: jinsi mwalimu mmoja alivyokusanya wanafunzi waliokosa pa kucheza kiangazi, jinsi jezi za kwanza zilivyokuwa aproni za duka la mikate zilizokatwa, jinsi kiangazi kimoja wachezaji walivyopungua mpaka dereva wa basi akavaa glavu akasimama uwanjani. Watu wanacheka, wanapiga makofi, na Elijah ndiye anayerusha mipira.

Nikaanza kuona mambo katikati ya mchezo. Elijah akitoka kurusha, anakaa mwisho wa benchi, na wenzake wote wanasogea upande wa pili. Hakuna anayemsalimia. Mmoja alitaka kuchukua maji karibu naye, akaona ni nani aliyekaa pale, akageuka akarudi na kiu yake. Kocha alimpita anatazama juu kama anahesabu mawingu. Nikamwuliza mzee Walter, "Mbona hawaongei na Elijah?" Mzee akashtuka, akaweka kidole mdomoni. "Shii! Hilo halisemwi hapa."

Halisemwi! Kumbe hata mzee anajua. Nikashuka jukwaani kwa Mama, nikamkuta ameshika chapati zake kwenye foili, amekunja uso.

"We Rehema, mbona yule mtoto wamemtenga kama ana tetekuwanga?"

Nikamweleza habari ya saa.

"Wamemfanya mwizi!" Mama akasema, na chapati ikaanguka. "Mtoto ninayemlisha mimi! Na wewe si ndiye mwenye kipaza sauti huko juu?"

"Mama, siwezi."

"Haya, nyamaza. Mama yake akinipigia simu, utaongea naye wewe."

Nikarudi kibandani. Ilipofika awamu ya mwisho, zile kahawa zikamzidi mzee Walter, akanikabidhi karatasi yenye habari za familia zinazowapokea wachezaji. "Soma hii tu," akasema, "usiongeze neno," akakimbilia chooni. Nikasoma, na sauti haikukatika, na hapo ndipo nilipoamua kuongeza sentensi moja. Moja tu, tena ya upole.

Nilisema (kwa Kiingereza, asipatikane wa kusema hakuelewa) kwamba familia yetu inajivunia Elijah. Watu wakapiga makofi, makofi yakanilevya. Nikaendelea kwamba katika historia yote ya timu hii hakuna mrushaji aliyewahi kumaliza mechi bila mpinzani hata mmoja kuupiga mpira wake vizuri akafika kituo, na leo Elijah anakaribia, kwa hiyo wenzake wanaomkalia mbali waone haya, kwa sababu Elijah hakuiba saa ya mtu.

Uwanjani ukatoka mlio mmoja, "Ooooh!", kama watu wote wamekanyaga msumari pamoja. Mzee mmoja alishika kichwa kwa mikono miwili. Kocha alivua kofia akaipiga chini. Nami nikasema kwa Kiswahili, nikidhani nasema kimoyomoyo, "Mama, nimefanya nini?" na spika zote zikauliza vilevile, na Mama akajibu kutoka jukwaani kwa sauti isiyohitaji spika, "Zima hicho kidude!"

Elijah alitazama kibandani muda mrefu. Akarusha. Mpira ukapigwa ukapaa juu ya vichwa vya wote, ukadondoka majanini, na mpigaji akafika kituo anacheka.

Mzee Walter alirudi anafunga mkanda, uso mwekundu. Ndiye aliyenieleza kwamba mrushaji akikaribia jambo kama lile hakuna anayemsogelea wala kulitaja, ni mwiko, wanaogopa kumtia mkosi, na wale kwenye benchi walikuwa wanamlinda. Soksi nazo hazifuliwi mtu akiwa anashinda. Na ile saa? Connor aliinua mkono pale chini, saa ikameremeta. Ilikuwa imeangukia kwenye gari la mama yake, na ilipatikana zamani.

Timu ilishinda, lakini jina la Elijah halikuingia kwenye historia. Garini Mama hakuwasha hata redio. Nikamwomba Elijah msamaha wa mpira. Akasema mpira hupigwa, ndiyo kazi yake, na kwamba siku ile aliyokosa kula alikuwa anaumwa jino. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu, akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno:

"Hakuna mtu alisema mimi ni mwizi. Hiyo wewe ulitoa wapi?"

Mama akanitazama kwenye kioo. Nikavuta kofia ya sweta ikanifunika hadi puani. Nimeapa sitashika kipaza sauti tena maishani, lakini hicho ni kiapo rahisi. Kigumu ni kwamba kila asubuhi tunakutana jikoni, anasema "good morning" kama kawaida yake, na mimi inabidi nimtazame usoni.