Mjane wa Mstari wa Tisa

Utafiti wangu wa shahada ya uzamili ulikuwa na maneno matamu: mfumo wa taarifa unaomweka mtumiaji mbele. Maana yake, mchimbaji akishatupatia habari za afya yake, ni zake. Anaamua nani azione, na akighairi anazifuta mwenyewe kwenye simu. Niliyahubiri hayo kwenye machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa mwezi mzima, shati limenyooshwa, nikijiona nabii.

Mjane mmoja aliniamini. Alikuwa mchenjuaji kwenye karasha, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa, na kwa miaka mingi alikuwa ameshika zebaki ya kunasia dhahabu kwa mikono mitupu. Nilimjazia fomu: mikono inatetemeka, hasa asubuhi. Siku ya tatu akarudi anahema. Alisema tajiri wa karasha hataki mgonjwa, akijua atamtoa, na yeye shamba hana. Nikamwonyesha kitufe cha kufuta. Akakibonyeza, maandishi yakapotea.

"Mwalimu, ndiyo yamefutika kabisa?"

"Yamefutika, mama."

"Wabeja," akashukuru, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

Hayakuwa yamefutika. Kitufe kilimfichia yeye tu. Kwenye jedwali langu mstari wake ulibaki, kwa kuwa msimamizi wangu alitaka idadi kamili ya washiriki, nami nilitaka kumaliza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi nilikuwa nimeshiba posho. Nilijua nilichokifanya. Nalisema hili wazi ili mtu asije akanitetea kwamba nilipitiwa.

Chuo kinadai matokeo yarudishwe kwa wananchi, basi tukakutana ofisi ya kata, projekta ikimulika ukutani. Ningeweza kuonyesha grafu zikatosha. Nilitaka sifa, nikafungua jedwali zima. Majina nilikuwa nimeyaondoa, na hilo nikalitaja kwa majivuno. Mstari wa tisa ulisomeka: mwanamke, mjane, mchenjuaji, mikono inatetemeka. Mjane kwenye karasha ile alikuwa mmoja tu. Watu wakageuka kumtazama.

Tajiri alikuwa amekaa mbele. Hakufoka. Alimwita mjane, akamkabidhi kikombe cha chai kilichojaa pomoni, akamwomba ampelekee mtendaji meza ya pili. Chai ilimwagikia kanga yake kabla hajafika nusu ya njia. Watu wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikatabasamu nao.

"Kesho pumzika nyumbani, mama," tajiri akasema. "Na keshokutwa."

Mjane alisubiri watu watawanyike, mimi nikikunja nyaya. Nilidhani angenitukana, na ningeshukuru. Nikaanza kumweleza habari za usiri na kanuni za chuo. Akaniacha nimalize, kisha akauliza swali moja.

"Na uongo wako, mwalimu, umeuandika wapi?"

Sikuuandika popote. Kwenye tasnifu, sura ya haki za washiriki, niliandika kwamba mshiriki mmoja aliomba taarifa zake zifutwe, na zikafutwa. Watahini waliisifu sura hiyo, nikafaulu.