Saa Aliyoichora Mume Wangu

Mimi sina ugomvi na wauguzi. Ugomvi wangu ni na mwanangu wa kwanza, aliyemkokota baba yake kwenda kupimwa kumbukumbu. Zahanati ilikuwa inawapima bure wote waliopita miaka sitini na tano, na yeye akaona hapo ndipo pa kupatia ushahidi. Tangu mwaka jana wimbo wake ni mmoja: baba afunge kibanda, apumzike. Mtu ametengeneza saa miaka arobaini na miwili, apumzike afanye nini? Ahesabu nzi?

Nilikwenda nao. Muuguzi, binti mpole tu, akampa karatasi na penseli.

"Mzee, nichoree saa. Mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi."

Mume wangu akainama robo saa nzima. Akachora magurudumu yenye meno, springi, skrubu ndogondogo, mashine yote kama anavyoiona kila siku akifungua mfuniko wa nyuma. Mishale akaichora kwa vitone, maana iko upande wa pili, na ikaelekea kinyume kama inavyopaswa ukiitazama kwa nyuma. Muuguzi akatafuta namba, hakuona hata moja. Akaandika sifuri.

"Wee binti, huyu saa anaijua kwa ndani!" nikamwambia. "Hebu geuza karatasi uitazame kwenye mwanga."

Akageuza. Saa tano na dakika kumi, barabara. Akacheka, akampa alama zake.

Lakini maneno matano aliyoambiwa mwanzoni ayakumbuke, alirudisha mawili tu. Muuguzi akatupeleka kwa daktari.

Daktari hakutuficha. Kipimo hiki hakisemi mtu ni mgonjwa, kinasema tu aangaliwe zaidi. Huenda ni masikio hayasikii vizuri, huenda ni upungufu wa damu, au vidonge vya usingizi anavyomeza, na hayo yanatibika. Huenda ndio ugonjwa wenyewe wa kusahau, nao hauna dawa ya kuuondoa, ila akijua mapema atapanga mambo yake mwenyewe.

Mwanangu alisikia neno "ugonjwa" tu. Kesho yake akachukua ufunguo wa kibanda, akawatangazia majirani kwamba kichwa cha mzee kimeharibika. Wateja wawili wakaja nyumbani kudai saa zao. Nililia kwa hasira, sifichi.

Mume wangu akasema, "Mwite."

Akaja.

"Daktari amesema nipange mambo yangu. Nimepanga. Jumatatu nakwenda kupima damu na mama yako. Siku nitakayoharibu saa ya mtu, nitafunga mwenyewe. Bado sijaharibu. Lete ufunguo."

"Na ukisahau, baba?"

"Kama ni kusahau, nitasahau nikiwa mezani kwangu."

Mwanangu akanigeukia mimi.

"Umemsikia baba yako," nikamwambia. "Toa."

Akatoa.

Majibu ya damu bado. Ila Jumatatu ile nilimwambia daktari jambo nililolificha miezi mitano, nikijidanganya kwamba nikinyamaza litaondoka: mume wangu huniuliza kama nimekunywa chai, na kabla kikombe hakijapoa ananiuliza tena. Leo asubuhi, akifungua kibanda, ameniuliza mara tatu. Nimemjibu mara tatu. Akiuliza mara ya kumi nitamjibu mara ya kumi, na asiyependa asipite mlangoni kwetu.