Kitambaa cha Bi. Knäpple

Adelheid Knäpple alikuwa Mswabia, mmoja wa watu wanaosifika Ujerumani nzima kwa usafi, aliyefanya kazi Karlsruhe, mji wa Wabaden, watani wa jadi wa Waswabia; kosa ambalo Wabaden walimsamehe siku moja kwa mwaka: siku yake ya kuzaliwa, alipoleta keki.

Kazi yake ilikuwa kuandaa maji matupu, yaliyochujwa hadi yasibaki na kitu. Aliyamimina katika kichupa cha kioo, na leza ikayapiga. Mwale ukikuta chembe, chembe hulipuka ikawa cheche ya plazma, na kipaza sauti husema tak. Chembe ndogo huwaka katikati ya mwale tu, penye moto mkali. Kubwa huwaka hata pembeni, kama mtu mwenye hasira za karibu. Basi ukiona cheche zilivyotawanyika, umejua ukubwa wa chembe.

Maji matupu hunyamaza. Ya Bi. Knäpple, tangu Jumatatu, yalilia kama bisi chunguni.

“Alhamisi wanakuja wageni wa idara ya maji,” alisema Daktari Seubert, mkuu wa maabara. “Yakiendelea kupiga kelele, kazi ya maji nampa Zoller.”

Burkhard Zoller alikuwa fundi wa leza, na Mbaden. Afadhali Bi. Knäpple angeambiwa wanampa Zoller nyumba yake.

Akabadilisha chujio. Bisi. Akaosha kila kitu upya. Bisi zaidi.

“Labda ni lafudhi yako inayoingia ndani,” Zoller alisema, akitafuna brezeli, mkate wa chumvi uliosokotwa, mlangoni.

“Na makombo yako je?”

“Makombo yangu yako huku nje, mama. Hebu njoo uone.” Akamwonyesha picha kwenye skrini: cheche zimesambaa toka ukingo hadi ukingo. “Haya ni mapande. Chujio lako lisingepitisha mapande. Yameingia baadaye. Sasa niambie, baada ya chujio unafanya nini?”

“Namimina.”

“Halafu?”

“Nafuta.”

“Unafuta nini?”

“Kichupa, Zoller. Mdomo wake. Kina tone. Wewe ungeacha tone?”

Zoller alikitazama kitambaa mkononi mwa Bi. Knäpple: pamba safi, kilichofuliwa, kikapigwa pasi, kinachomwaga nyuzi kama paka anayepukutisha manyoya.

“Mungu wangu,” alisema kwa upole. “Umeyachafua kwa usafi.”

Alhamisi, mbele ya wageni, Bi. Knäpple alimimina. Tone likabaki mdomoni mwa kichupa, likateleza polepole hadi chini, likaacha mstari. Sisi wenzake wa maabara tuliosimama nyuma tuliona mabega yake yakipanda. Akaketi, akaikalia mikono yake yote miwili isije ikafuta.

Leza ikawashwa. Kimya.

Wageni walisubiri kwa adabu. Hatimaye mmoja akauliza, “Imeharibika?”

“Mashine inafanya kazi,” alisema Bi. Knäpple, bila kuondoa macho kwenye ule mstari. “Mimi ndiye nisiyefanya.”

Kazi ya maji ikabaki kwake. Ila Daktari Seubert, mtu wa haki, aliamua kwamba kuanzia siku ile kila kitu cha kufuta kitafutwa na mwingine, wala Bi. Knäpple asiguse kitambaa. Sasa kila Ijumaa, siku ya usafi, Bi. Knäpple husimama katikati ya maabara, mikono nyuma, akimtazama Zoller akifuta meza kwa mizunguko, kuanzia katikati, na kuziruka pembe.

“Nimemaliza,” husema Zoller.

“Naona,” hujibu Bi. Knäpple, na kwenda kukaa nje kidogo.