Sindano Kwenye Ukuta wa Bulyaga

Ikupa hakulia kwenye msiba wa mumewe, na watu wa Makandana walilikumbuka hilo kuliko walivyomkumbuka marehemu. Andrea alikuwa dereva wa lori la majani ya chai. Lori lilipinduka kwenye kona yenye utelezi, akaletwa nyumbani amefunikwa turubai lile lile lililokuwa likifunika majani. Wanawake walilia mpaka sauti zikawakauka. Ikupa alikaa katikati yao kwenye mkeka, akiangalia vidole vyake vya miguu. Jirani mmoja alimfinya mkono ili alie. Aliuona mkono unafinywa, basi.

Baadaye wazee wa ukoo walikaa kumzungumzia. Walitaka abaki pale pale nyumbani kwa baba mkwe wake, na Simon, mdogo wa marehemu, amwangalie. Ikupa alimtuma shangazi wa mumewe, Tulinagwe, awaambie kwamba anakwenda Bulyaga kupanga chumba afume masweta. Wazee walisema atachoka atarudi.

Ugumu wa kubaki haukuwa Simon. Ugumu ulikuwa mzee mwenyewe, na mzee hakuwa mtu mbaya. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe huogopana. Hawaangaliani usoni, hawasemeshani, hawapiti njia moja wakakutana. Vijana wengi siku hizo walishaanza kuyapuuza hayo, na wachungaji nao hawakuyashikilia, lakini mzee Ambindwile na Ikupa waliyashika. Mzee alikuwa akikohoa kabla hajapinda kona ya nyumba, na Ikupa akisikia kikohozi huingia migombani mpaka apite. Andrea alipokuwa hai ilikuwa kama mchezo, akitoka migombani na umande kwenye nywele mumewe akimcheka. Alipokufa, Ikupa alijiona atazeeka humo migombani.

Kwa hiyo alihamia Bulyaga, kwenye fremu za maduka za Jotham.

Zilikuwa zile siku ambazo serikali imeachia biashara, na kila aliyeweza kuchoma tanuru moja la matofali alijenga fremu. Jotham alizijenga nne mfululizo, zikiupa mgongo mlima, milango ikiangalia barabara. Ikupa alichukua ya pili. Mbele aliweka meza, nyuzi na masweta ya shule, nyuma akafunga pazia, na nyuma ya pazia kikakaa kitanda chake, kimeegemea ukuta wa kilimani. Jirani yake alikuwa Jenifer, msusi mcheshi aliyezungumza kwa niaba ya watu wawili, jambo lililomfaa Ikupa.

Ufa ulianza mwaka wa pili, baada ya Jotham kuchimba kilima ili apate nafasi ya kuweka stoo. Kwanza ulikuwa kama uzi ulioangukia ukutani. Ukashuka kutoka darini mpaka usawa wa mto wa kulalia. Ikupa alimweleza Jotham.

"Nyumba inajinyoosha, mama," Jotham alisema. "Hata wewe ukiamka si unajinyoosha?"

Lakini alimleta fundi akapiga lipu upande wa nje, ikapakwa chokaa, ukuta ukang'aa. Kwa ndani hawakugusa kitu. Ikupa akapigilia misumari miwili, akatundika masweta juu ya ufa. Alipolala aliusikia ubaridi ukimgusa paji la uso, akahamishia mto upande wa miguu. Hakuogopa. Alijua tu kwamba mtu mwingine angeogopa.

Sasa, mkaguzi wa majengo wa halmashauri alikuwa ni mzee Ambindwile mwenyewe. Zamani ofisi ya ujenzi ilikuwa na wasaidizi, na palipokuwa na nyumba ambayo mzee hakupaswa kuingia, aliingia Fred. Kisha wafanyakazi wakapunguzwa. Fred akaenda kuuza mitumba, na mzee akabaki na baiskeli, timazi na mji mzima uliokuwa ukijengwa bila kumngoja. Mwezi Machi ilitoka amri kwamba fremu zote zikaguliwe kabla masika hayajakolea, na isiyofaa ifungwe.

Ikupa alikisikia kikohozi barabarani asubuhi ya manyunyu. Alijitupia kanga kichwani, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mzee alianza kwa Jenifer. Akaingia, akaangalia dari, akagonga kuta, akatoka. Halafu akazunguka nyuma na Jotham, wakasimama kwenye ule uchochoro kati ya ukuta na kilima kilichochimbwa. Kutoka kitandani Ikupa aliwasikia kama wamo chumbani, maana juu ya ukuta palikuwa na matundu ya hewa.

"Lipu hii umepiga lini?"

"Juzi juzi, mzee. Nyumba nayo inaoga."

"Mbona umeiogesha mgongo tu?"

Jotham alicheka. Mzee hakucheka. Nyundo ikagonga, ikasogea, ikagonga tena mahali pale pale.

"Nataka kujua ndani ya hii ya pili pakoje."

"Ingia, mzee. Nani atakuzuia?"

"Humo analala mkamwana wangu."

Jotham alikuwa miongoni mwa walioyapuuza hayo, lakini hata yeye alijua hilo halisukumwi. Kwamba Ikupa angeweza kutoka nje kwanza haikusaidia kitu. Palipo na kitanda cha mkamwana, baba mkwe haingii, awemo asiwemo.

"Basi Jenifer atakuwa macho yako," Jotham alisema, na sauti yake ilikuwa nyepesi kuliko mwanzo. "Jenifer! Ingia kwa mwenzio utuambie unaona nini."

Jenifer aliingia na kitana bado kimechomekwa kwenye nywele. Ikupa akayaondoa masweta. Jenifer akautazama ufa kutoka juu mpaka chini, kisha akamtazama Ikupa.

"Na wewe unalala hapa?" alinong'ona.

Ikupa akatikisa kichwa kukubali.

"Binti," mzee aliita kutoka nje, "kuna ufa?"

Jenifer alishika kiuno. Akanong'ona upesi upesi, "Nina maharusi watatu wa Pasaka, Ikupa. Wakifunga hapa nitawasukia wapi, barabarani kwenye mvua?" Kisha akapaza sauti kuelekea kwenye matundu: "Upo, baba, ila mwembamba kama unywele."

"Kidole kinaingia?"

Ikupa akaweka kidole chake cha shahada kwenye ufa. Kiliingia mpaka kiungo cha pili. Jenifer alikiangalia kile kidole kilivyozama.

"Hata ukucha hauingii, baba."

Ikupa akakitoa kidole, akakifuta kwenye kanga. Angeweza kunyamaza. Jenifer hakuwa akijisemea mwenyewe tu. Fremu ikifungwa, Ikupa naye hakuwa na pengine pa kwenda ila Makandana, migombani. Angeweza pia kumtuma mtu kesho akaseme kweli. Lakini alijijua. Tangu Andrea afe, kila alichokiahirisha kilibaki pale alipokiacha, kama vyombo vya mtu aliyehama, naye akavizoea. Mzee angeandika kwamba fremu ni salama, angepanda baiskeli, na yeye angeyarudisha masweta kwenye misumari.

Mvua iliongezeka kidogo kwenye bati.

"Binti," mzee alisema tena, polepole safari hii. "Naomba unisamehe. Kitanda humo kimekaa upande gani?"

"Loo," Jotham alisema. "Leo mzee anauliza vitanda."

Ikupa alijua wanaume wa Kinyakyusa wa umri wa mzee wanavyoogopa neno hilo. Miaka yote ya ndoa mzee hakuwahi hata kulitaja jina lake. Alipomhitaji alisema "mwenye nyumba ya Andrea". Sasa alikuwa amesimama kwenye mvua, mbele ya mwenye fremu, akiuliza kitanda cha mkamwana wake kiko wapi.

"Kiko mbali, baba," Jenifer alisema. "Kiko huku mlangoni kabisa." Goti lake lilikuwa limegusa godoro.

Kuna namna mguu uliokufa ganzi unavyorudi, si kwa maumivu, ni kwa kuwashwa tu, mtu akakumbuka kwamba ana mguu. Ikupa alihisi kitu cha namna hiyo. Hakikuwa huzuni wala hasira. Alinyoosha mkono kwenye kazi aliyokuwa ameiacha juu ya mto, akachomoa sindano moja ya kufumia, ile ndefu ya chuma. Shingo ya sweta ikaanza kufumuka. Akapanda kitandani kwa magoti, akaiweka ncha kwenye ufa, akasukuma.

Alitegemea izuiwe, lakini haikuzuiwa. Iliingia baina ya matofali kama inavyoingia kwenye kiazi kilichoiva. Jenifer alimshika mkono, akauachia. Ikupa akasukuma mpaka kifundo cha sindano kikagusa ukuta, akasikia upande wa pili kipande cha lipu kikianguka kwenye tope.

Kisha sindano ikasogea. Mtu aliishika ncha kule nje, taratibu, akaitikisa kuangalia jinsi inavyocheza. Ikupa alikuwa bado ameshika kifundo. Wakaishika hivyo wote wawili. Halafu ikavutwa, naye akaiachia. Kifundo kilikwama kidogo kwenye ufa, kikapita nacho, na nyuma yake ukamwagika udongo mwekundu juu ya shuka.

"Jotham," sauti ya mzee ilisema, "ulinionyesha mifuko ya saruji ulipoanza kujenga. Uliipeleka wapi?"

"Mzee, huo ni udongo uliochanganywa na..."

"Umechanganywa na nini?"

"Binti," mzee alisema, "mwambie aliyemo humo atoke na kitanda chake leo. Na wewe toka. Wa fremu zote nne mtoke."

Jenifer hakuwa na haja ya kumwambia mtu. Aliketi kwenye godoro lenye udongo. "Umefurahi?" alimwuliza Ikupa. Ikupa alilifikiria swali hilo kwa dhati. Akaanza kufungua pazia.

Jotham alikwenda halmashauri kulalamika kwamba nyumba yake imefungwa kwa sindano ya kufumia. Alitegemea watu wakasirike pamoja naye, wakacheka. Mlango ukabaki na kufuli. Wiki ya Pasaka, mchana, mvua ilipokuwa imepumzika kidogo, kilima kiliuegemea ukuta na ukuta ukalala ndani. Jenifer alikuwa akisuka bi harusi wake wa pili kwenye kibaraza cha kanisa. Walimwendea mbio kumwambia, akaenda kuangalia, akarudi akamaliza kusuka. Jioni yake alipeleka mkungu wa ndizi kwa Tulinagwe, ambako Ikupa alikuwa akilala kwa muda.

"Mwambie nilikuwa na maharusi," alisema. "Mwambie hivyo tu."

Ikupa naye alikwenda kuutazama ukuta. Matofali yalikuwa yamelala pale palipokuwa na kitanda, mengine hata hayakuvunjika. Alisimama mpaka kanga ikalowa. Alingoja kuona kama atatetemeka, hakutetemeka, akaenda sokoni kununua nyuzi.

Kilichowasumbua wazee wa ukoo hakikuwa ukuta. Walitaka kujua kama siku ile mkamwana na baba mkwe walivunja mwiko.

"Alikishika kitu ambacho baba mkwe amekishika," mmoja alisema. "Kwa wakati mmoja."

"Hakumwona, hakumsemesha," Tulinagwe alijibu. "Sindano si mdomo. Au mlitaka afe kwa adabu tumlilie vizuri?"

"Shangazi, usituchezee."

"Sichezi. Nauliza mlitaka nini."

Walimgeukia Ambindwile. Alisema kwamba ana matofali, na kwamba anajenga chumba kwenye kiwanja chake pale Makandana, mlango utazame barabara ya hospitali, na upande wa nyumba yake pasiwe na dirisha wala tundu. Mwenye nyumba ya Andrea atafuma humo, na Simon hatakuwa na shughuli naye. Kisha akanyanyuka, maana kwake mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Alijenga mwenyewe kila alipotoka kazini, Simon akimchanganyia saruji. Siku ya kuhamia alipanda baiskeli mapema akaondoka, ili asikutane na mizigo. Tulinagwe alileta funguo, na sindano iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti.

"Kasema moja peke yake haifumi," Tulinagwe alisema.

"Ndaga," Ikupa alijibu, asante ya kwao. "Mfikishie."

"Nimfikishie ipi, hiyo ndaga ya kukauka?"

"Ndiyo niliyonayo, shangazi."

Tulinagwe akamtazama, akaondoka nayo hiyo hiyo.

Ikupa aliweka meza mbele na kitanda nyuma, kama Bulyaga. Barabara ilikuwa nzuri kwa biashara. Akina mama waliotoka kujifungua walipita na vichanga kwenye ubaridi wakitafuta visweta vidogo. Kabla hajaegemeza kitanda ukutani, aliichukua ile sindano akaijaribu ncha yake kwenye kiungo cha matofali. Iligoma. Akajaribu kiungo cha juu yake, na cha pembeni, akaenda hivyo ukuta mzima kutoka kona hadi kona, akisukuma kwa nguvu mpaka kiganja kikawa chekundu. Haikuingia popote.

Upande wa pili baiskeli iliegemezwa, mtu akakohoa. Mkono wa Ikupa ulishika kanga na miguu ikataka kukimbilia migombani, kabla hajakumbuka kwamba hapa hakuna haja. Akaketi kitandani. Akakiangalia kiganja chake, akakisugua kwa kidole gumba, kilikuwa kinauma. Kisha akaanza upya ile shingo ya sweta iliyofumuka.