Dizeli Iliyojitangaza

Kiwandani walimwita Mama Betri, ingawa hakuwa na mtoto wala duka la betri. Kazi yake ilikuwa vihisio: vijisanduku arobaini na viwili vya kupimia, vimefungwa kwenye mabomba na matangi, kila kimoja na kipande chake cha sola kisichozidi kiganja. Vilipima maji, joto na dizeli, vikatuma habari ofisini kwa redio. Alivijua kimoja kimoja, kipi mvivu, kipi mlafi, na asubuhi alivisemesha huku akivifuta vumbi. Wenzake walimcheka. Hakuwajali.

Msimu wa mvua jua liliadimika, vihisio vikaanza kuzimika. Kuufunga kila ujumbe kwa msimbo, ili mtu wa nje asiuelewe, kulikula umeme mwingi. Basi akauondoa msimbo, kwa wiki mbili tu, alijiambia. Vyote vikafufuka. Meneja akamsifu. Mvua ikaisha, naye akasahau. Ndivyo tulivyo, kinachokwenda vizuri hatukigusi.

Kisha dizeli ikaibwa mara tatu, kila mara siku ile ile tangi lilipojazwa. Wezi walijuaje? Meneja hakuumiza kichwa: anayeona malori ya mafuta yakiingia ni mlinzi wa lango. Na mlinzi wa lango alikuwa mjomba wake Mama Betri, mzee aliyemlea na kumsomesha baada ya mama yake kufariki. Mzee akapewa hadi Ijumaa ajieleze, la sivyo afukuzwe na polisi waitwe.

Alhamisi Mama Betri alipanda juu ya tangi kubadilisha kihisio kibovu. Akawasha redio mpya ya mkononi, ambayo hakuwa ameiwekea msimbo wowote, nayo ikamsomea waziwazi: tangi la pili, asilimia tisini na sita.  Redio kama ile hata sokoni ipo; mwizi yeyote angeweza kusikia tangi limejaa.

Angeweza kuurudisha msimbo kimyakimya. Wizi ungekoma wiki ile ile mjomba anapofukuzwa, na kila mtu angesema, mnaona?  Akashuka, akaenda moja kwa moja kwa meneja na kuiweka redio mezani.

“Nani aliutoa msimbo?” meneja aliuliza baada ya kusikiliza.

“Mimi.”

“Unajua maana yake?”

“Najua. Funguo za karakana hizi hapa.”

Kabla ya kukabidhi kazi aliurudisha msimbo, akavipangia vihisio vipime mara chache zaidi ili sola itoshe. Ilimchukua nusu saa. Nusu saa hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko yote.

Habari ilimtangulia langoni.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Ungenyamaza, mwanangu. Mimi nimebakiza miezi minane nistaafu. Wewe una miaka ishirini mbele yako.”

“Ustaafu kwa jina la mwizi?”

 Mzee aliuacha mlango mdogo wa waendao kwa miguu, akaenda kwenye lango kubwa la malori, akalifungua lote, pande zote mbili, mpwa wake apite.