Mama Aliishukuru Kamati

Watu wanaoeleza jinsi mswada unavyokuwa sheria hunichefua. Eti unasomwa mara ya kwanza, unapelekwa kwa kamati, kamati inasikiza wananchi, unasomwa mara ya pili, unarekebishwa, unasomwa mara ya tatu, Rais anatia sahihi. Maneno matamu. Mimi hapo penye kusikiza wananchi nilikuwepo, na mwananchi mwenyewe alikuwa mama yangu.

Mama analima miwa Mayoni. Mswada ule wa sukari ulikuwa na kifungu kimoja kilichomkosesha usingizi: mkulima auze miwa kwa kiwanda cha kanda yake tu. Kiwanda cha kanda yetu huharibika kila mara, na kikisimama sisi hupeleka miwa kwa kiwanda cha kanda jirani. Kifungu kikipita, miwa itakaukia shambani. Basi, hilo tu ndilo alilotaka kusema, na tulilifanyia mazoezi jikoni mpaka likamkaa vizuri mdomoni.

Kamati ya Bunge ikaja ukumbini Kakamega mjini. Wabunge walichelewa, hawakuomba radhi, wakatangaza kwamba kila wadi itatoa msemaji mmoja na kila msemaji ana dakika mbili. Wadi yetu ikamchagua mama. Akasimama, akajitanda leso, akaanza vile tunavyoanzanga kwetu mtu akisimama mbele ya wageni. Akatoa salamu ya Kiislamu, akangoja iitikiwe. Akageukia Wakristo, akasema Bwana asifiwe, akangoja tena. Akauliza wageni wamesafiri vipi. Akawapa pole watu wa Shinyalu waliokuwa wamefiwa. Akaishukuru kamati kwa kuwakumbuka wakulima, akaiombea irudi salama. Ndipo akavuta pumzi, akasema, "Sasa, kuhusu hicho kifungu..."

"Asante sana, mama, muda umeisha," akasema mwenyekiti wa kamati, na karani akamwondolea maikrofoni mkononi.

Nikasimama nikasema huyu mama hata hajaanza kuongea. Mwenyekiti akanijibu kwamba wadi yetu imeshasikizwa, nikae. Mama mwenyewe akanivuta shati, nisimtie aibu mbele ya wageni. Wageni gani hao? Nilikaa.

Siku mswada uliposomwa mara ya pili, tulikuwa sebuleni kwa mama tukitazama runinga. Mwenyekiti yuleyule akasimama kutoa ripoti ya kamati. Akasema Kakamega wameuunga mkono mswada, hata mama mmoja mkulima alisimama akaishukuru kamati na kuiombea dua. Wenzake wakamshangilia. Nilimtukana yule mtu tusi ambalo sijawahi kulitamka mbele ya mama yangu, na mama hakunikemea. Alikuwa ameikodolea macho runinga.

"Lakini nilikuwa nawasalimu tu," akasema.

Zamu ya kurekebisha vifungu ilipofika, chetu hakuna aliyekigusa. Wakiguse kwa nini, na wenyewe tulishashukuru? Wanaokubali wakaambiwa waseme ndiyo, wakanguruma ndiyo. Kusomwa mara ya tatu kuliisha kabla chai yetu haijapoa. Seneti nayo ikapitisha vilevile, Rais akatia sahihi, wakapigwa picha wakicheka. Wallahi niliizima runinga, nisije nikaivunja.

Msimu uliofuata kiwanda chetu kikaharibika kama kawaida yake. Mama akakodi lori apeleke miwa kanda jirani, likarudishwa njiani na askari, kwa sababu sasa hilo ni kosa. Miwa iliyobaki shambani ikapitiliza muda wa kuvunwa, ikakauka, ikafaa kuni. Alikuwa ameipalilia kwa mikono yake.

Juzi mbunge wetu, ambaye pia alikaa kwenye kamati ile, alikuja matangani kwa jirani. Akapita akisalimia watu mmoja mmoja mpaka akafika kwa mama, akanyoosha mkono.

"Assalaam aleikum, mama."

Mama akautazama ule mkono. Hakuupokea, wala salamu hakuiitikia.

"Miwa yangu imekauka," akamwambia, akaenda kukaa na wanawake wenzake.